Treni ya abiria Mbeya: Reli haifiki Tukuyu, lakini Rungwe ina la kudai

Kwa ufupi

- Jiji la Mbeya halina treni ya abiria wa mjini, lakini reli ya TAZARA inalikatiza na sasa inaingia kwenye mkataba wa miaka 30.
- Kujenga reli mpya kupanda hadi Tukuyu ni gharama kubwa, na milima haina huruma.
- Nafasi ya Rungwe ipo Uyole, mahali ambapo Coaster na treni zinaweza kukutana, kama watu watalisema hili mapema.

Tukuyu. Ukiondoka Tukuyu saa 11 alfajiri kwenda Mbeya, sehemu ngumu ya safari si milima. Kiwira unapita vizuri, Isyonje unapunguza mwendo kidogo kwa sababu ya ukungu, Igawilo unateremka. Kilomita 60 zinaisha bila kelele nyingi.

Kazi inaanza Uyole. Hapo barabara ya kutoka Kasumulu na Tukuyu inaingia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Malori ya kwenda Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji na bodaboda wote wanataka kupita palepale kwa wakati uleule. Kilomita chache za mwisho zinaweza kukula muda ambao ungekuwa umefika Kiwira na kurudi.

Ndo maana swali la treni ya abiria kwa Mbeya na miji inayoizunguka si la watu wa mjini peke yao. Linamhusu mwanafunzi wa MUST anayetokea Katumba, mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Makandana kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na mama anayepeleka ndizi Mwanjelwa.

Shida ni kwamba swali lenyewe huwa linaulizwa vibaya. Huku kwetu likizungumzwa, mtu wa kwanza atauliza: "Reli itafika lini Tukuyu?" Uchambuzi huu unasema hilo siyo swali la kuanza nalo. Swali la kuanza nalo ni treni itasimama wapi Mbeya, na mtu wa Rungwe ataipandaje.

Kwa nini tuzungumze sasa

Mambo matatu yanafanya mjadala huu uwe wa leo.

La kwanza ni TAZARA yenyewe. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ni mali ya Tanzania na Zambia kwa hisa sawa. Kwa miaka mingi imekuwa ikichechemea kwa uhaba wa vichwa vya treni, njia iliyochakaa na madeni.

Septemba 2024 jijini Beijing, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping wa China, ulisainiwa waraka wa makubaliano ya kuifufua. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, ukafuata mkataba na kampuni ya China ya CCECC: uwekezaji wa dola bilioni 1.4 za Marekani, kwa miaka 30. Miaka mitatu ya mwanzo ni ya ukarabati na 27 inayobaki ni ya uendeshaji.

La pili ni barabara. Serikali inapanua barabara kuu ndani ya Jiji kuwa njia nne, kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga, upande wa Uyole, hadi Ifisi, upande wa Mbalizi. Hii itasaidia sana. Ila miji mingi imeshajifunza kwamba barabara pana huvuta magari mengine, na baada ya miaka kadhaa foleni inarudi ikiwa imenenepa.

La tatu ni watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Hao ni zaidi ya watu 150,000 walioongezeka ndani ya miaka kumi. Mji umejitanua kufuata barabara: Uyole na Igawilo mashariki, Mbalizi magharibi. Mwaka 2025 Uyole ilipata hadi jimbo lake la uchaguzi, baada ya kumegwa kutoka Mbeya Mjini.

Mji wenye umbo refu na jembamba namna hiyo, watu wake wakiwa wamejipanga kando ya mstari mmoja, ndio mji ambao treni inaupenda.

Kwani reli ikija moja kwa moja Tukuyu kuna ubaya gani?

Hakuna ubaya. Kuna hesabu.

Ndoto ya reli kufika huku ni ya zamani kuliko bibi zetu. Wajerumani, walipokuwa na boma lao hapa Tukuyu na kuuita mji huu Neu Langenburg, walikuwa na mawazo ya reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Haikujengwa. Waingereza nao wakafanya upimaji wa awali wa reli ya kufungua kusini-magharibi mwa Tanganyika, na mhandisi wao Clement Gillman akatoa ripoti mwaka 1929. Nayo ikabaki karatasi. TAZARA ilipokuja, ikashika njia ya Makambako, Mbeya na Tunduma. Rungwe ikabaki inausikia mluzi kwa mbali.

Sababu kubwa ni mlima. Treni si Coaster. Reli nyingi za kawaida hazipendi mwinuko unaozidi mita 2 kwenda juu kwa kila mita 100 za mbele. Ukizidisha hapo, kichwa kinavuta mabehewa machache, kinakula mafuta, na kushuka kunakuwa hatari.

Sasa angalia ardhi yetu. Kutoka Uyole barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka kuja Kiwira na Tukuyu. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela unashuka zaidi ya mita 1,000 ndani ya kilomita hamsini na kitu. Piga hesabu: huo ni wastani wa kama mita 2 kwa kila 100, na huo ni wastani tu. Kuna mahali ni mteremko mkali zaidi, na kuna mahali ni bonde la mto. Reli ingelazimika kuzunguka sana, kutoboa milima na kuruka mabonde, kwenye udongo wa volkano unaonyeshewa karibu mwaka mzima.

Halafu kuna fedha. Mkataba wa kipande cha kwanza cha SGR, Dar es Salaam hadi Morogoro, uliosainiwa mwaka 2017, ulikuwa wa takriban dola bilioni 1.2 kwa kilomita kama 300 za reli, zikiwemo njia za kupishania. Hiyo ni kama dola milioni 4 kwa kilomita. Kilomita 70 za Mbeya hadi Tukuyu kwa bei hiyo zinafika dola milioni 280.

Ni kweli, SGR ni ya umeme na ya kasi, na reli ya kawaida ingeshuka bei. Lakini Dar hadi Morogoro hakuna Isyonje. Kile unachookoa kwenye umeme, unakilipa kwenye mahandaki na madaraja.

Linganisha na TAZARA. Ukigawa dola bilioni 1.4 kwa kilomita 1,860 unapata kama dola 750,000 kwa kilomita. Yaani kufufua reli iliyopo kunagharimu chini ya robo ya kujenga mpya. Kwa mpangaji mwenye bajeti ndogo, jibu halihitaji kikao kirefu.

Kuna watakaosema mizigo ya Malawi ingeweza kulipia reli ya kwenda Kyela. Hoja hiyo ina uzito. Mbeya tayari ina kituo cha mizigo ya Malawi, na malori yanayokwenda Kasumulu yanapita katikati ya wilaya yetu kila siku. Lakini hiyo ni reli ya mizigo, na itaamuliwa kwa hesabu za mizigo. Anayetaka kufika kazini saa 2 asubuhi hawezi kuisubiri.

Dar walianzaje?

Tanzania ina mfano wake, na una undugu na huku kwetu.

Tarehe 29 Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini zilianza Dar es Salaam. Kampuni ya reli ya kati iliendesha kati ya Ubungo Maziwa na Stesheni. TAZARA nayo iliendesha kutoka kituo chake kikuu hadi Mwakanga. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Dk Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, jirani zetu. Wananchi hawakuhangaika kutafuta jina: ikawa "treni ya Mwakyembe".

Jambo la kujifunza ni namna ilivyoanza. Hakuna aliyejenga reli mpya. Walichukua njia za zamani, wakakarabati mabehewa na vichwa vilivyokuwepo, wakaweka ratiba ya asubuhi na jioni, wakaanza. Baadaye huduma ya reli ya kati ikapelekwa hadi Pugu.

Jambo la pili la kujifunza ni pale ilipokwama. Treni hiyo haikuondoa foleni ya Dar. Safari zilikuwa chache, kichwa kimoja kikiharibika ratiba nzima inayumba, na vituo vingi havikuwa na mpango mzuri wa kuungana na daladala. Abiria anashuka, kisha anaanza kutembea kutafuta usafiri mwingine. Akifanya hivyo wiki moja, wiki ya pili anarudi kwenye daladala lake la zamani.

Nairobi nao wana somo. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, wiki chache tu baada ya Dar. Walijenga kituo chenye maegesho, mtu aache gari lake hapo na kuingia mjini kwa treni. Mwaka 2020 Kenya ikaleta treni zilizotumika kutoka Hispania kuongeza nguvu. Tena wakatumia reli ya zamani. Kampala waliwasha treni yao ya Namanve mwaka 2015, kwenye reli ya zamani vilevile.

Mtindo ni uleule kote: anza na njia uliyonayo, halafu pigania vituo na ratiba.

Mbeya ina njia, inakosa treni

Ukitoka Makambako kwa TAZARA unapita Rujewa, Chimala na Igurusi, unapanda hadi Mbeya, kisha unaendelea Mbalizi, Songwe, Vwawa hadi Tunduma. Soma tena majina hayo. Hiyo ni orodha ya miji ambayo watu wake wanaingia na kutoka Mbeya kila siku: mchele wa Igurusi, wafanyakazi wa Mbalizi, kiwanda cha saruji Songwe. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kazi mwaka 2012, uko upande huohuo wa magharibi.

Kwa hiyo njia ipo. Ila treni za abiria za TAZARA zimekuwa za masafa marefu, safari mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu, tena si mara chache zikichelewa kwa saa nyingi. Huwezi kumwambia mwalimu wa Mbalizi asubiri treni ya kutoka Kapiri Mposhi.

Kuna tatizo jingine ambalo kila mtu wa Mbeya analijua. Stesheni ya TAZARA iko Iyunga. Ni jengo kubwa na zuri, lakini soko la Mwanjelwa haliko pale. Stendi Kuu haiko pale. Hospitali ya Rufaa haiko pale. Treni ikikushusha Iyunga, bado una nauli nyingine ya kutoa.

Maana yake ni kwamba treni ya mjini yenye kituo kimoja tu cha Iyunga itakufa mapema. Inahitaji vituo vidogo vidogo: jukwaa la zege, paa la kukinga mvua, taa, choo na mahali pa kukatia tiketi. Kituo cha namna hiyo si ghali ukilinganisha na reli yenyewe. Lakini lazima kiwe mahali ambapo watu wapo.

Hesabu ya kupishana

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo viongozi hulipita haraka, lakini ndilo linaloamua kama treni itakuwa msaada au mapambo.

TAZARA ni njia moja. Treni mbili zinazokutana lazima moja isubiri pembeni, kwenye kituo chenye njia ya kupishania. Tuseme vituo viwili vya kupishania viko umbali wa kilomita 15, na treni inakwenda kilomita 45 kwa saa. Inachukua dakika 20 kuvuka hapo. Treni ya upande wa pili inasubiri, halafu nayo inatumia dakika 20. Ina maana kwa upande mmoja huwezi kupata treni mara nyingi zaidi ya kila baada ya dakika 40, hata kama una vichwa hamsini vya treni.

Sasa weka na treni za mizigo. Kiini cha biashara ya TAZARA mpya ni shaba kutoka Zambia na Kongo. Inashindana na njia ya Lobito ya Angola, ambayo Marekani na Ulaya wameitia nguvu. Mwekezaji aliyeweka fedha zake atataka treni za shaba zipite bila kusimamishwa. Treni ya abiria wa Mbalizi ikigongana na ratiba ya shaba, unadhani nani ataambiwa asubiri?

Dawa inajulikana: ongeza njia za kupishania kwenye kipande cha Mbeya, na uandike kwenye ratiba kwamba asubuhi na jioni kuna saa ambazo abiria wana haki ya kupita kwanza. Njia ya kupishania ikiwekwa wakati wa ukarabati, mafundi, kokoto na mitambo vikiwa vipo tayari, gharama inakuwa nafuu. Ukisubiri reli ikamilike ndipo uombe, unaanza mradi mpya. Na mradi mpya unataka mazungumzo mapya.

Hicho ndicho kinachofanya miaka hii mitatu ya ukarabati kuwa ya thamani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka mkataba uliposainiwa, akiwa na miaka sita, atakuwa na miaka 36 mkataba ukiisha.

Rungwe inapata nini hapo?

Tuongee ukweli. Watu wanaotoka Tukuyu kwenda kazini Mbeya kila siku na kurudi si wengi kama wa Uyole au Mbalizi. Mpangaji akipanga kwa kuhesabu abiria wa asubuhi peke yake, Rungwe haitaonekana kabisa kwenye karatasi yake.

Lakini hesabu ya wanaokwenda mara moja au mbili kwa wiki ni nyingine: wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara, watu wa benki na wa mahakama. Hao wote leo wanabadilisha usafiri. Magari ya Tukuyu na Kyela huishia stendi ya Nanenane, halafu abiria anatafuta daladala au bajaji ya kwenda mjini. Kubadilisha gari tumeshazoea. Kinachotakiwa ni kubadilishia mahali penye maana.

Kukiwa na kituo cha treni upande wa Uyole, pale reli inapokaribiana zaidi na barabara ya Tukuyu, hali inabadilika. Coaster inakushusha, unaingia kwenye treni, unaikwepa foleni yote kwenda Iyunga, MUST au Mbalizi. Treni ya mabehewa sita yenye watu 80 kila behewa inabeba watu 480, sawa na Coaster 16 za abiria 30. Hizo ni Coaster 16 ambazo hazikuingia kwenye msongamano wa Mafiati.

Wenye magari je? Wengi watahofia kuporwa abiria. Kwa wa Tukuyu, hesabu inaweza kwenda kinyume. Gari linaloishia Uyole na kugeuza haraka linapata tripu nyingi kuliko linalokwama mjini. Mafuta yanayoungua ukiwa umesimama kwenye foleni hayalipwi na abiria yeyote. Watakaobanwa zaidi ni daladala za ndani ya Jiji zinazokimbia sambamba na reli. Hao nao lazima wakae mezani mapema, wapangiwe njia za kulisha vituo, la sivyo watapambana na treni kwa kila namna.

Halafu kuna mizigo midogo, na hapa Rungwe ina sauti yake. Abiria wetu hasafiri mikono mitupu. Ana mkungu wa ndizi, gunia la viazi, dumu la maziwa, ndoo ya parachichi. Treni za mjini za kisasa zimetengenezwa kwa watu wenye mikoba. Zikija hivyo Mbeya, mama wa Kiwira ataangalia mlango, ataangalia mkungu wake, atarudi kwenye Coaster ambako konda anajua pa kuufunga.

Behewa moja la mizigo midogo kwenye treni ya alfajiri lingebadilisha mambo. Na iwe alfajiri kweli. Soko halisubiri saa 2 ya ofisini. Mwenye ndizi anataka awe sokoni watu wanapofungua vibanda.

Nani alipe?

Treni za mjini karibu kote duniani hazijilipi kwa nauli peke yake. Serikali au jiji huweka ruzuku kwa sababu faida inaonekana kwingine: ajali zinapungua, watu wanafika kazini, barabara inadumu. Tukiitaka treni Mbeya, tuwe wakweli juu ya hili tangu mwanzo.

Nauli nazo zina mlinzi wake. Nchini mwetu LATRA ndiyo inayosimamia usafiri wa mabasi na reli. Hiyo ni nafasi nzuri, kwa sababu chombo kimoja kinaweza kuangalia nauli ya Coaster ya Tukuyu na ya treni kwa pamoja. Mtu akilipa mara mbili na jumla ikawa kubwa kuliko safari ya gari moja, treni hapandi. Hapo hata ukimpa kiti cha velveti.

Ugumu wa TAZARA ni kwamba ina wenye nyumba wawili, Tanzania na Zambia, na sasa mwendeshaji wa tatu. Jiji la Mbeya haliwezi kuamka asubuhi likaamuru treni isimame Uyole. Ombi lazima lipande kupitia mkoa na wizara, liwe na takwimu, na liwe na fedha au ahadi ya fedha. Ombi lisilo na hesabu litaishia kwenye kabati.

Mambo manne ya kudai

Kama viongozi wa Rungwe, Busokelo na Kyela wanataka kuingia kwenye mjadala huu kwa nguvu, haya ndiyo ya kubeba:

1. Abiria wahesabiwe. Kwa wiki moja tu, weka watu pale Tukuyu, Kiwira na Nanenane wahesabu: wangapi, saa ngapi, wanaelekea wapi, wamebeba nini. Vijana wenye simu wanatosha. Bila hesabu hii, Rungwe haipo kwenye mpango wowote.

2. Kituo upande wa Uyole, na ardhi yake itunzwe sasa. Uyole inajengwa kwa kasi. Eneo la kituo pamoja na maegesho ya Coaster na bajaji likijaa nyumba, tutarudi kwenye habari za fidia, kesi na alama za X ukutani. Kutenga eneo leo ni kazi ya ramani; kulipata baada ya miaka kumi ni kazi ya mahakama.

3. Njia za kupishania na saa za abiria ziingie kwenye kazi ya ukarabati. Hili ni la wabunge na wizara. Liulizwe wazi: kwenye miaka hii 30, abiria wa safari fupi wana nafasi gani?

4. Behewa la mizigo midogo. Linaweza kuonekana dogo mbele ya shaba ya Kongo. Kwa uchumi wa Rungwe si dogo.

Mahali pa kuyapeleka papo. Halmashauri huandaa bajeti zake mwanzoni mwa mwaka, Kamati ya Ushauri ya Mkoa hukaa na kuzipitia, na Bunge la bajeti huanza Aprili hadi Juni, mwaka mpya wa fedha ukifunguliwa tarehe 1 Julai. Diwani anayetaka jambo hili lisikike anajua mlango wa kwanza uko wapi. Mwananchi anayemchagua anaweza kumuuliza kwenye mkutano wa kata, bila kusubiri kampeni.

Tunapoelekea

Mbeya itaendelea kukua, treni iwepo isiwepo. Barabara ya njia nne itatupa ahueni ya miaka kadhaa. Reli ya TAZARA itakarabatiwa kwa sababu dunia inataka shaba. Hayo yanakwenda yenyewe.

Lisilokwenda lenyewe ni kituo cha Uyole. Hakuna mchimba shaba atakayekiomba, wala msafirishaji wa Lusaka. Watakaokiomba ni watu wanaoshuka Nanenane saa 1 asubuhi na kuanza kugombania bajaji. Wengi wao wametoka huku: Katumba, Kiwira, Ushirika, Masoko, Mwakaleli.

Kwa hiyo mtu akikuuliza reli itafika lini Tukuyu, mjibu kwa swali: hesabu ya abiria wetu imeshafika mkoani?